Mkishapiga picha, msichome mimea

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa Biolojia wilayani Kondoa. Shuleni tuna makabati mawili ya mimea mikavu iliyobandikwa kwenye karatasi, zapata kama 900. Ilikusanywa miaka ya 1970 na 1980 hapa Kondoa, Mpwapwa na Manyoni. Wadudu wameanza kuila. Kijana mmoja amejitolea kupiga picha zote kwa simu ya megapikseli 50, kwa siku tatu, kisha programu ya kutambua mimea itupe majina. Tukimaliza tunafikiria kuzichoma karatasi ili chumba kiwe cha kompyuta. Je, simu hiyo inatosha? Na picha tuzitunze kwa faili za TIFF au JPEG?

JIBU: Marahaba mwalimu. Niyamalize kwanza ya kamera, maana ndiyo mepesi. Karatasi ya hebaria, yaani hifadhi ya mimea mikavu kama hiyo yenu, ina urefu wa sentimita 42 hivi na upana wa 29. Kwa zile sampuli ambazo jina la spishi lilitolewa kwazo, watu hupiga kwa vitone 600 kila inchi, na hapo unahitaji karibu megapikseli 68. Kwa sampuli za kawaida vitone 300 vinatosha, yaani megapikseli 17. Kamera ya megapikseli 24 iliyofungwa kwenye stendi, taa pande mbili, itawafaa kabisa. Simu ya megapikseli 50 mara nyingi huunganisha vitone vinne kuwa kimoja, ukaambulia 12 na ushee. Kama hamna kingine itumieni, lakini ikae kwenye stendi, si mkononi. TIFF ni ya kutunza, JPEG ni ya kutumiana. Kila picha iwe na rula, kadi ya rangi, na namba iliyogundishwa kwenye karatasi yenyewe, ili picha na mmea visipotezane.

Sasa niseme lililonikaa rohoni. Umeandika "kuzichoma". Neno hilo nalisikia kila mara, na kila mara linanikata maini.

Kuna ofisi moja ya kanda hii iliyoniletea diski yenye picha zake za mimea, mafolda yamepangwa vizuri, wanataka niwasaidie majina. Nikafungua picha ya mlama. Milama, jenasi ya Combretum, tunaitofautisha kwa magamba madogo sana yaliyo upande wa chini wa jani, na bila hadubini huyaoni. Kwenye picha ile majani yote yalilala kifudifudi, mgongo juu. Tunda, ambalo lingeniokoa, lilikuwa ndani ya bahasha ndogo iliyobandikwa pembeni mwa karatasi, nayo imefungwa. Nikapiga simu nikaomba niletewe karatasi ile dakika tano tu. Nikajibiwa zote zimechomwa nyuma ya stoo, "maana tayari ziko kwenye kompyuta." Mlama ule hauna jina mpaka leo, na hautalipata.

Picha inaonyesha upande mmoja wa mmea, kwa siku moja, kwa jicho la aliyepiga. Karatasi inajibu hata maswali ambayo bado hayajaulizwa. Mwaka 1987 mtafiti Mwingereza F. I. Woodward alihesabu stomata, vile vitundu vidogo vya kupitishia hewa, kwenye majani ya miti yaliyokaa hebaria hadi miaka 200, akaonyesha kwamba zilipungua kwa asilimia 40 hivi wakati hewa ya kaboni dioksaidi ikiongezeka. Mwaka 2013 watafiti walitoa DNA ya ugonjwa ulioleta njaa ya Ireland miaka ya 1840 kutoka kwenye majani makavu ya viazi ya karne ile ile. Waliokausha majani hayo hawakuwa wamewahi kusikia habari za DNA. Na sisi Watanzania tunajua kupoteza kulivyo: sampuli nyingi zilizokusanywa nchini mwetu enzi za Wajerumani zilipelekwa Berlin, na hebaria ile ikaungua kwa mabomu usiku wa Machi 1, 1943. Mpaka leo wataalamu wanatafuta nakala zake kwenye hebaria nyingine. Wenzetu waliunguziwa na vita. Ninyi mnataka kuwasha kiberiti wenyewe.

Nije kwenye lebo, maana kazi kubwa iko hapo na hakuna simu inayoifanya. Karatasi 900 kwa siku tatu ni dakika moja na nusu kwa kila moja. Kupiga picha kunawezekana, kusoma lebo hakuwezekani. Chukua lebo iliyoandikwa "Makutupora, 3,700 ft". Makutupora ipi? Iko ya Dodoma penye mizabibu, na iko ya Manyoni ambako kipande cha reli ya SGR kutoka Morogoro kinaishia. Kijana mwenye haraka ataandika mita 3,700, na mmea wa Ugogo utakuwa umeota juu kuliko kilele cha Hanang, chenye mita 3,420. Akisahau alama ya kutoa kwenye latitudo, Dodoma itahamia Ethiopia. Akigeuza latitudo na longitudo, mmea umo baharini, kwenye Atlantiki karibu na pwani ya Moroko. Makosa kama haya yakishaingia kwenye hifadhi za kimataifa za data za viumbe kama GBIF, yanachorwa ramani na kutumika kuamua mmea upi umo hatarini. Lebo inakiliwe neno kwa neno jinsi ilivyo, hata jina la zamani, hata kama Acacia siku hizi inaitwa Vachellia au Senegalia. Masahihisho yakae safu yake.

Programu ya simu isiwape jina. Imefundishwa zaidi kwa picha za mimea mibichi yenye rangi zake, na jani lililokauka miaka 40 kwake ni jani la kahawia tu.

Wadudu msiwapulizie dawa ya mbu, kama wanavyoshauri mafundi wa mitaani. Fungeni karatasi ndani ya mifuko ya plastiki, ziingie kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri au zaidi kwa wiki moja au mbili, na mkitoa msifungue mfuko mpaka baridi iishe, la sivyo zitalowa.

Na shule, vyuo na ofisi za misitu mnaosoma hapa: anayewaahidi "kudijiti" kwa siku tatu na kuwapa nafasi ya chumba anauza chumba, hauzi sayansi. Kama hamna pa kuzitunza, waandikieni Hebaria ya Taifa iliyoko Arusha au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla hamjagusa kabati. Vichaka vya Itigi, pale Manyoni, vimefyekwa sehemu nyingi. Karatasi iliyotoka huko mwaka 1975 huwezi kwenda kuikusanya tena.

Mwalimu, kama aliyekusanya mimea yenu bado yu hai, mfuateni wiki hii na karatasi mkononi, mumuulize ni Makutupora ipi, na kama ana daftari lake la porini.