Kadi ya njano, dawa za bahasha na homa ya baada ya likizo

Wiki hii wengi walioniandikia tayari wana tiketi mkononi. Naanza na mwenye haraka kuliko wote.

Baada ya siku 5 nampeleka mama Chennai kwa upasuaji. Hatujachanjwa homa ya manjano. Tukichanjwa kesho tutaruhusiwa kuingia? (Msomaji, Mombasa)

Hapana, kaka. Kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo hiyo, huanza kutambulika siku ya 10 baada ya sindano, na India hawana mchezo na abiria wanaotoka Kenya: asiye na kadi halali anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Mfikirie mama mgonjwa akikaa siku zote hizo bila kumwona daktari aliyemfuata. Ongea na hospitali leo, msogeze tarehe. Na kabla mama hajachomwa, aonwe na daktari, kwa sababu chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Mwenye kinga dhaifu au aliyevuka miaka 60 hachomwi hivi hivi. Akitokea mtu wa kukupigia muhuri bila sindano, mkatae.

Wenye kadi za zamani zilizoandikwa kwamba zinaisha baada ya miaka 10, msilipe tena. Tangu Julai 2016 chanjo moja inatambulika maisha yote.

Nakwenda Dubai mwezi mzima kwa binti yangu. Nina presha na maumivu ya mgongo. Dawa nizitie tu kwenye begi? (Mama, Tanga)

Shikamoo mama. Kwanza tazama hizo dawa zimekaa ndani ya nini. Kama ni zile bahasha ndogo za karatasi zilizoandikwa "1x2" kwa kalamu, hapa nyumbani tunaelewana. Ofisa wa forodha kule anaona vidonge vyeupe visivyo na jina. Niliwahi kumsaidia mama mmoja kupanga mkoba wake usiku wa kuamkia safari: bahasha saba mezani, na mwenyewe hakukumbuka ipi ni ya moyo na ipi ni ya tumbo.

Dawa ya presha kwa kawaida haina shida. Ninayoihofia ni hiyo ya mgongo. Kama ni tramadol, au ina codeine ndani yake, Umoja wa Falme za Kiarabu wanaihesabu miongoni mwa dawa zinazodhibitiwa, na ukiingia nayo bila kibali unaweza kuishia polisi. Kibali huombwa mtandaoni kwa mamlaka husika ya huko kabla ya safari. Binti yako akusaidie. Rudi kwa daktari wako, muulize jina halisi la dawa, akuandikie barua ya Kiingereza yenye dozi na muhuri. Nunua dawa zikiwa kwenye pakiti za kiwandani, uziweke kwenye mkoba wa mkononi. Jirani akikuletea kifurushi cha dawa umpelekee mwanawe, usikipokee hata kama mmejuana miaka 30.

Mjomba yuko London, ameniomba nimletee miraa kidogo. (Msomaji, Meru)

Usimpelekee hata kitita kimoja. Uingereza waliipiga marufuku mwaka 2014, na atakayeshikwa nayo ni wewe.

Baba ana miaka 71, anakwenda Hija. Tumwandaeje? (Msomaji, Zanzibar)

Achanjwe homa ya uti wa mgongo, ile ya aina nne (ACWY), angalau siku 10 kabla ya kufika Saudi Arabia. Aanze sasa kutembea kila asubuhi, maana ibada ile ni ya miguu. Afungashe mwavuli na chupa ya maji. Na msimpeleke kwa njia za mkato: Hija ya 2024 joto lilipita nyuzi 50, mahujaji zaidi ya 1,300 wakafariki, na wengi wao hawakuwa na kibali rasmi, wakatembea juani bila hema wala basi.

Naishi Ujerumani mwaka wa 9 sasa. Desemba nakuja Kigoma na wanangu waliozaliwa huku. Malaria niliiugua sana utotoni. Kweli nahitaji dawa za kinga? (Mama wa watoto wawili)

Unazihitaji, dada yangu, na wanao zaidi yako. Kinga uliyokua nayo hupungua ukikaa miaka bila kuumwa na mbu wenye vimelea, na watoto wako hawajawahi kuwa nayo. Mwone daktari wa huko mwezi mmoja au zaidi kabla ya safari. Dozi ya mtoto hufuata uzito wake, na dawa huendelea kumezwa hata mkisharudi, siku 7 au wiki 4 kulingana na aina. Hapo ndipo wengi huacha. Ndugu wakikucheka unapofunga chandarua, funga tu.

Mkisharudi, mtoto akipata homa ndani ya miezi mitatu, usikubali kuambiwa ni mafua ya baridi kabla hajapimwa. Malaria kali huweza kuua kwa siku moja au mbili, na daktari asiyeiona mara kwa mara huenda asiifikirie. Neno lako la kwanza mapokezi liwe: "Tumetoka Tanzania." Kisha omba apimwe damu siku hiyohiyo, na msiondoke bila majibu.