Bima ya simu: kabla hujalipa, pigia hesabu kioo na mwizi

Tuchukue simu ya shilingi 900,000. Bima ni asilimia 8 kwa mwaka, na kila ukidai unachangia asilimia 10 ya bei ya simu. Viwango vinatofautiana, kwa hiyo weka vile vya mkataba wako, lakini njia ya kukokotoa ni hii hii.

Ada ni 72,000. Kioo kikipasuka na fundi akataka 180,000, wewe unatoa 90,000 na kampuni inatoa 90,000. Yaani ili bima ijilipe kwa vioo pekee, inabidi upasue kimoja kila baada ya miezi 15. Mwenye kava imara na protekta hafiki huko. Kama kioo ndicho kinachokutia hofu, tenga 6,000 kila mwezi kwenye akiba ya simu usiyoigusa. Mwaka ukiisha una 72,000 zako mwenyewe.

Kwa wizi picha inabadilika. Tuseme mkataba unakata asilimia 20 ya uchakavu: simu inahesabiwa 720,000, toa mchango wako 90,000, unapokea 630,000. Hapo bima inajilipa hata ukiibiwa mara moja tu katika miaka tisa hivi. Anayegombania daladala Mbagala au Gongo la Mboto jioni ana sababu ya kuikata. Anayeshinda ofisini na kurudi kwa gari lake, kwa maoni yangu, hana.

Ila uliza ni wizi gani unaolipwa, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Mikataba mingi hulipa kuporwa kwa nguvu, au mwizi kuvunja mlango au dirisha. Kuchomolewa mfukoni bila kujua, au kuisahau mezani, mara nyingi havimo. Ukiibiwa, zuia laini kwanza ili pesa zako zisalimike, kisha nenda polisi ueleze tukio lilivyokuwa, upewe RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Kosa linaloua madai ni kuchukua ripoti ya kupotelewa na mali kwa sababu inapatikana haraka, halafu kuidai bima kwamba umeibiwa. Karatasi yako mwenyewe inasema umepoteza. Kampuni italishika neno hilo. Angalia pia muda wa kutoa taarifa. Mingine ni saa 24 au 48 tu.

Maji nayo yana utata. Alama ya IP68, ile ya kuonyesha simu inahimili maji na vumbi, inatokana na vipimo vya maabara kwenye maji yasiyo na chumvi, na kinga hiyo hupungua kadiri simu inavyozeeka au ikishafunguliwa. Maji ya bahari ni adui mwingine kabisa, chumvi hula tundu la chaji. iPhone nyingi zina kialama cheupe ndani ya tundu la laini ambacho hugeuka chekundu kikilowa, na fundi wa bima huanza kuchungulia hapo. Ukiwa na bima, usimpe fundi wa mtaani aifungue simu kabla kampuni haijaiona. Betri iliyochoka hailipwi, kwani huo ni uchakavu wa kawaida.

Simu ya mkopo, ile ya kulipia kidogo kidogo, ihesabu peke yake. Ikiibiwa, deni linaweza kubaki, kwa hiyo hapa bima ina maana kubwa kuliko kwa simu iliyolipwa taslimu. Tazama kwanza kama haijawekwa tayari ndani ya mkataba, usije ukailipia mara mbili.

Mwaka wa pili piga hesabu upya. Bei ya simu imeshuka, na kama ada imebaki palepale, wengi wanafaa kuacha.

Ukiamua kukata, piga *#06# uandike IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, mahali nje ya simu, na uhakikishe ndiyo iliyo kwenye boksi, kwenye risiti ya EFD na kwenye mkataba. Tarakimu moja ikikosewa dai linakwama. Kwa simu iliyotumika, tuma IMEI kwa SMS kwenda 15090 uone kama jina la mtengenezaji na modeli vinalingana na ulichoshika mkononi, na uulize kama wanaipokea, kwa kuwa bima nyingi zinataka simu mpya yenye risiti. Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Hiyo barua ndiyo utakayoipeleka TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.