Unalala Masaa Manane, Lakini Je, Unazama?

Msomaji ametuandikia: anapanda kitandani saa nne usiku, anaamka saa kumi na mbili, na bado sukari yake ya asubuhi iko juu. Kosa liko wapi? Ndugu yetu, umehesabu masaa, hukuhesabu kina.

Mwishoni mwa 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakiwemo Esra Tasali na Eve Van Cauter, walitoa matokeo ya jaribio la vijana 9, wembamba na wenye afya. Kwa siku 3 mfululizo, kila mmoja alipozama kwenye usingizi mzito, spika kando ya kitanda ilitoa sauti, si ya kumwamsha, ya kumrudisha juu kidogo tu. Masaa ya kulala hayakupungua. Lakini mwili wao uliitikia insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kwa takriban asilimia 25 chini ya kawaida. Siku tatu tu, kwa vijana wazima!

Usingizi mzito mwingi huja katika masaa 3 ya mwanzo, kwa hiyo ukilala saa nne, linda mpaka saa saba. Televisheni izimwe, isipunguzwe sauti tu. Simu ilale sebuleni, maana mlio wa kundi la WhatsApp hufanya kazi ileile ya spika ya Chicago. Kahawa na chai ya rangi ziishie mchana. Baada ya masaa 5 hivi, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Pombe hukulaza haraka, kisha huukatakata usingizi. Na anayekoroma, akanyamaza kama pumzi imekatika, halafu akashtuka akitweta, huyo aende hospitali.

Kupima sukari: kaa masaa 8 bila kula, maji tu. Nawa kwa sabuni, ukauke vizuri. Utomvu wa embe kidoleni unatosha kupandisha namba. Choma ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati, panauma. Ukipata 7.0 au zaidi (kwa kipimo cha mmol/L), rudia siku nyingine hospitalini. 6.1 hadi 6.9 ni onyo, usilipuuze.

Kuna jambo watu hulikosea sana. Sukari ikipita kama 10, figo huimwaga kwenye mkojo pamoja na maji, nawe unaamka kwenda chooni tena na tena. Basi usingizi unakatika kwa sababu ya sukari, na sukari inazidi kwa sababu ya usingizi. Anayeamka hivyo kila usiku akapime wiki hii, na kama yuko kwenye dawa, asiguse dozi kabla ya kumwona daktari.