Maswali Yenu: Kumruka Dalali kwa Simu

SWALI: Nalima viazi mviringo. Kwenye kundi la WhatsApp nimempata mteja wa Dar es Salaam anayetaka gunia 40, ila anasema nipakie, atalipa mzigo ukifika. Nataka nimruke dalali. Nifanyeje? (Mkulima, Uyole)

JIBU: Kwa masharti hayo, usipakie. Dalali mzuri (wapo) hafanyi kazi ya kutafuta mteja tu. Anapima, anatafuta gari, na mnunuzi akiingia mitini anajua pa kumpata. Ukimruka, kazi hizo zote zinakuangukia wewe. Airbnb, mtandao wa kukodisha nyumba kwa wageni, hupokea pesa ya mgeni mapema, ikamlipa mwenye nyumba takribani saa 24 baada ya mgeni kuingia. Kundi la WhatsApp halimshikii mtu pesa.

Uza kwa kilo. Gunia lisizidi kilo 100. Lumbesa (gunia lililojazwa kupita kiasi) ni kosa kisheria. Pima kwenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, upige picha kila gunia likiwa juu yake. Mwandikiane kwamba uzito unaohesabika ni wa Uyole, maana viazi hupoteza maji njiani.

Malipo ya awali yaingie kabla ya kuchimba, yatoshe vibarua na magunia. Yaliyobaki yaingie gari likishapakiwa, kabla halijaondoka. Mteja akiwa na shaka, amtume mtu wake aje akague. Nauli amalizane na dereva huko huko Dar. Usiamini meseji ya malipo: fungua menyu ya mtandao wako (M-Pesa ni *150*00#) uangalie salio. Akidai amezidisha, usimrudishie mwenyewe. Apige huduma kwa wateja.

Tani 4 hazijazi Fuso, kwa hiyo mzigo wako utachanganywa na wa wengine. Tia kila gunia alama ya rangi, chukua namba ya gari. Fyeka majani wiki 2 kabla ya kuchimba ili ganda likomae, la sivyo viazi vitachubuka, na vikipakiwa vimelowa chini ya turubai vitaoza kabla ya Chalinze.

SWALI: Programu ya kuita usafiri inanikata kila safari. Nitajuaje kama inanilipa? (Dereva bajaji, Mwanjelwa)

JIBU: Hesabu kilomita zote, hata za kumfuata abiria. Tuseme nauli ni 4,000, makato asilimia 20: unabaki na 3,200. Ukimfuata kilomita 2 na kumpeleka 4, ni kama 533 kwa kilomita, kabla ya mafuta na hesabu ya tajiri (mwenye bajaji). Linganisha na safari za kijiweni.