Kalkalpen, Austria: gari la safari sahau, beba maji

Mkuu, umeuliza ukija Linz mwezi wa sita kwa kozi yako utapata wapi gari la kukuzungusha hifadhi ya taifa ya Kalkalpen "kama Mikumi", na kama bado kuna dubu. Niko Linz mwaka wa tisa sasa, na hifadhi hiyo nimeingia mara nyingi kuliko Mikumi yenyewe, kwa hiyo vumilia, jibu ni refu.

Gari sahau. Mle ni miguu au baiskeli. Dubu nao sahau: kuanzia 1989 walijaribu kuwarudisha kwenye milima hii ya kaskazini, wakazaana kidogo, na kufikia 2011 hivi hawakuwepo tena. Ukienda na macho ya Mikumi, ya kusubiri kitu kikubwa kisimame nyasini, utarudi ukisema umeona miti tu. Na kweli, kati ya kilomita za mraba 208 hivi, karibu asilimia 81 ni msitu.

Jina maana yake Alpi za Chokaa. Mimi mtoto wa Tanga, nimekua nikipelekwa mapango ya Amboni, nikadhani chokaa naijua. Mwaka wangu wa kwanza nikapanda Hoher Nock, mita 1,963, kilele kirefu kuliko vyote mle, na chupa moja ya lita moja. Njiani nikapita kachemchemi kanakodondoka jiweni, nikakadharau: mlima wenye msitu namna hii, mbele si nitakuta mito? Mzee mmoja aliyekuwa anajaza chupa zake tatu pale akaniangalia, akasema "Oben nix", yaani juu hakuna kitu. Nikamshukuru, nikapita.

Juu ni uwanda wa mawe ya kijivu yaliyotobokatoboka. Kuna mashimo kama mabakuli, mifereji iliyochongwa na mvua mpaka kingo zake zinakwangua soli, na misonobari mifupi inayotambaa chini kama imekatazwa kusimama. Usiku mzima mvua ilikuwa imenyesha, lakini huwezi kupata dimbwi la kulowesha leso. Niliteremka midomo imepasuka. Kufika chini kabisa, Hinterer Rettenbach, nikakuta maji yanatoka kwenye mwamba wenyewe, ya baridi ya kuuma meno. Nikalala kifudifudi nikanywa kama ng'ombe.

Ndivyo chokaa inavyofanya kazi. Maji ya mvua yakipita angani na udongoni hupata ukali kidogo, yanaula mwamba taratibu, ufa unakuwa bomba, bomba linakuwa pango. Mlima unakunywa juu na kutapika chini. Chemchemi walizokwisha kuzihesabu mle zinapita 800, na mwamba wote huo ulianza kama tope na maganda ya viumbe kwenye bahari ya joto, zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita.

Ila hiyo ni safu ya Sengsengebirge. Upande wa mashariki, Reichraminger Hintergebirge, mwamba mwingi ni dolomiti, binamu wa chokaa. Huo hauyeyuki upesi. Unamomonyoka vipande vipande, maji yanabaki juu na kukata makorongo. Ndiyo maana kule kuna vijito kila kona, vya kijani, unaona kokoto chini zote. Ukiwa na siku moja tu, nenda huku.

Sasa msitu. Mti mkuu ni Buche, ambao sisi Waswahili wa hapa tumeshauita "mbuche": gome laini la kijivu kama ngozi ya tembo. Kuna mibuche ya zaidi ya miaka 500, na mwaka 2017 UNESCO iliingiza misitu hii kwenye Urithi wa Dunia. Mti ukianguka hauguswi. Jirani yangu mmoja, mtoto wa mkulima, hilo linamkera mpaka leo: "Kuni zote hizo zinaoza!" Akiona misonobari iliyokaushwa na mbawakawa wa magome ndiyo kabisa, hasemi tena. Namwelewa, msitu wa baba yake uko kilomita chache tu kutoka mpakani. Ingawa pembezoni mwa hifadhi wadudu hao hudhibitiwa. Ni ndani tu ndiko wanakoachiwa.

Lakini kaa nusu saa kwenye gogo la mbuche lililokauka juani. Mwezi wa sita mwishoni, ukibahatika, atatoka Alpenbock: mbawakawa wa rangi ya bluu ya majivu mwenye madoa meusi, na vipapasio virefu kuliko mwili, vyenye vishungi vyeusi kwenye viungo vya katikati. Funza wake alikuwa ndani ya mti huo miaka mitatu au zaidi akitafuna. Kuna kigong'ota mwenye mgongo mweupe anayeishi kwa kuchimbua funza wa namna hiyo. Magogo yakiondolewa, naye anaondoka. Ukiamka mvua inanyesha usirudi kulala, ndiyo siku ya salamanda: mweusi mwenye madoa ya njano, anatembea njiani kama mwenye nyumba. Kule juu kuna ndugu yake mweusi tii ambaye hubeba mimba miaka miwili na zaidi, kisha huzaa watoto wawili tu.

Mbuzi wa miambani, wanaowaita Gams, utawaona kwa darubini asubuhi. Linksi usimtegemee. Ni paka mwenye vishungi masikioni kama simbamangu wetu. Mwaka 2011 waliachiwa wawili kutoka Uswisi, Freia na Juro. Miaka yote hii nimeona nyayo tu, mara moja, Februari: duara kwenye theluji, karibu upana wa kiganja changu, bila alama ya kucha. Nilisimama pale mpaka vidole vikafa ganzi.

Ujue pia sehemu ya mabonde haya ilikuwa iwe chini ya bwawa la umeme. Mwaka 1984 watu walikwenda kukaa kwenye eneo la ujenzi Hintergebirge, wakagoma kuondoka. Mradi ukafa, na 1997 hifadhi ikazaliwa.

Kwa mpango wako: treni ya Linz hadi Windischgarsten kwa upande wa Sengsengebirge, au ya kupitia Steyr ushuke Reichraming, ukodi baiskeli, ufuate njia ya reli ya zamani ya magogo iliyofungwa 1971. Radi za mchana mwezi wa sita si mchezo, saa nane uwe umeshashuka kileleni. Namba ya waokoaji wa milimani ni 140. Kupe wapo na wanaambukiza ugonjwa wa ubongo, kwa hiyo ulizia chanjo mapema, na jioni jikague nyuma ya magoti. Chukua na tochi, maana ile njia ya reli inapita kwenye mahandaki, na mimi mara ya kwanza nilipita moja nikisukuma baiskeli huku nimeshika ukuta.