Digoksini nyumbani, oleanda uani

Kabla hujaondoka kwenye dirisha la dawa, soma namba iliyo kwenye pakiti. Digoksini, dawa ya moyo, huja kwa vidonge vya mikrogramu 250, na vingine vya 62.5, yaani robo yake. Aliyezoea vidonge viwili vidogo, akienda kemisti nyingine akapewa vile vikubwa na kuendelea kumeza viwili, anameza mara nne ya dozi yake. Kwa hiyo kadi iliyoandikwa "nusu kila siku" bila mikrogramu haijakamilika. Irudishe iandikwe vizuri, hata kama foleni ni ndefu. Na nusu iwe nusu kweli. Kisu cha jikoni humega kidonge, upande mmoja ukabaki mkubwa. Tumia kikatio cha vidonge.

Ukali wote huu una sababu. Digoksini hutoka kwenye majani ya mmea uitwao Digitalis lanata. Daktari Mwingereza William Withering aliandika mwaka 1785 kuhusu mmea wa jamii hiyohiyo, na tayari alikuwa ameona dozi ikizidi: kutapika, kuona vitu vya kijani au manjano, mapigo kushuka. Dawa hii hufunga pampu inayotoa sodiamu ndani ya seli na kuingiza potasiamu. Sodiamu ikijaa, kalisi nayo huongezeka, na msuli wa moyo hukaza kwa nguvu zaidi. Mapigo yaliyovurugika hutulia. Ikizidi kidogo tu, moyo hupiga polepole mno au ovyo.

Potasiamu hushindana na digoksini kwenye pampu hiyo. Ikipungua mwilini, dozi ileile ya jana inageuka sumu leo. Hapa ndipo wengi huumia, kwa sababu wagonjwa wengi wa moyo hunywa pia furosemaidi, ile dawa ya kukojoza, ambayo huondoa potasiamu. Kuhara au kutapika siku mbili hufanya vivyo hivyo: piga simu kliniki kabla ya kumeza dozi inayofuata. Figo zikidhoofika, digoksini hubaki mwilini, kwa hiyo mzee anahitaji kupimwa figo na potasiamu mara kwa mara. Amiodaroni na verapamili, nazo dawa za moyo, pamoja na antibaotiki iitwayo klarithromaisini, huipandisha digoksini kwenye damu. Mwambie anayekuuzia antibaotiki kwamba unatumia digoksini.

Kila asubuhi, kabla ya kumeza, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, uhesabu dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne. Mapigo yasiyo na mpangilio yatakudanganya. Kwa mtu mzima, yakiwa chini ya 60, usimeze. Piga simu kliniki. Ukisahau dozi, usimeze mbili pamoja. Siku ya kupimwa kiwango cha dawa, toa damu kwanza, umeze baadaye: damu iliyotolewa kabla ya saa sita kupita tangu umeze huonyesha kiwango cha juu kisicho cha kweli. Hamu ya chakula ikipotea ghafla, au taa zikizungukwa na duara la manjano, usingoje tarehe ya kliniki.

Sasa uani. Oleanda ya maua ya waridi au meupe, na ile ya manjano yenye maua kama kengele na tunda la kijani lenye pembe, zimepandwa kwenye nyua nyingi za Nairobi. Zina sumu ya jamii ya digoksini, kama ulivyo mti ambao Wakamba na Wagiriama walipikia sumu ya mishale. Kuchemsha majani hakuondoi sumu. Maji yake yasinywewe kama dawa, hasa na anayemeza digoksini.

Mtoto akitafuna mbegu au jani, usimtapishe wala usipoteze muda kumpa maziwa. Mfute mdomo, chukua tawi kwenye mfuko, nendeni hospitali yenye kipimo cha mapigo ya moyo kiitwacho ECG. Kama anacheza vizuri, bado apelekwe; moyo unaweza kuvurugika saa nyingi baadaye, na ndiyo maana hulazwa na kuangaliwa.

Ukipogoa oleanda, vaa glavu. Matawi usiyachome, moshi wake nao ni sumu, wala usiyatupe njiani wanakopita mbuzi: majani makavu huua kama mabichi.