Kisima Kigamboni: usilipie hiyo pampu kwanza

Mkuu mleta uzi, kama hujamtumia fundi hela, rudisha simu mfukoni. Umeuliza mambo manne: kama Dar itakuwa na maji miaka 30 ijayo, tangi la lita ngapi, kibali, na kama pampu ya nguvu farasi 2 itakifaa kisima chako cha Kigamboni cha mita 80. Nilipofika hapo kwenye pampu, moyo ukanilipuka paa.

Mimi niko Kunduchi, kwa miguu hadi baharini ni dakika kumi. Mgao wa maji wa Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na watu tukawa tunagombania maboza, nikaapa sitaomba maji kwa mtu tena. Fundi akaja na mtambo. Mita 45 tukakuta maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, tukayanywa pale pale kwa kikombe cha plastiki. Tungeishia hapo leo ningekuwa mtu mwenye heshima mtaani. Akasema, "Bosi, haya machache, tushuke mpaka 90 upate ya biashara." Niliposikia biashara, masikio yakaziba. Tukashuka, nikafunga pampu ya farasi 2, ikawa inanguruma asubuhi mpaka usiku na madumu yamepanga foleni getini.

Mwezi wa tano tangu niifunge, mke wangu akaniuliza nani ametia chumvi kwenye chai. Wa saba hita ikaoza, michungwa ikakauka, wateja wakahamia kwa jirani. Sasa hivi tunapika wali bila kutia chumvi, tunaokoa bajeti.

Nilichokuja kukielewa hela zikiwa zimeshakwenda ni hiki. Ukanda wa pwani maji baridi yanaelea juu ya maji ya chumvi, kwa sababu ni mepesi. Hesabu ya wataalamu inasema kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba kama mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Igeuze sasa: ukiyashusha maji kwa mita 1 tu kwa kuvuta, chumvi chini yako ina nafasi ya kupanda mita 40. Mimi nilikwenda kuifuata mwenyewe kwa bomba, halafu nikaifyonza kutwa nzima. Na jirani naye anafyonza. Sote tunachota chungu kimoja, kila mmoja anadhani ni chake.

Fundi yule analipwa kwa mita, mkuu! Kwa nini akwambie usimame? Niliomba pampu testi, yaani kuvuta maji kwa muda mrefu ili kupima uwezo wa kisima, akawasha saa moja, akapiga picha maji yakiruka, akasema "unaona presha hiyo?" Kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu akaniambia ni cha wenye hoteli. Leo nikimpigia, simu inaita tu. Na mimi niliyemwamini, sijui nijiite nani.

Kwa hiyo: pampu inunuliwe BAADA ya pampu testi. Saa 24 mfululizo. Pima chumvi mwanzo, katikati na mwisho, pima maji yameshuka mita ngapi, halafu zima uone yanarudi baada ya muda gani. Chumvi ikipanda, punguza mvuto au fukia sehemu ya chini. Kisima ndicho kinachagua pampu, wewe kazi yako kulipa. Hata kama kinakupa ndoo mbili kwa dakika, chukua hizo mbili.

Hilo la miaka 30, sote tukichimba kama nilivyochimba mimi, mitano tu ni mingi. Ningerudi nyuma ningeanza na mifereji ya bati: paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 1 inakupa karibu lita 100, na hakuna fundi wa kukushusha mita 90.

Changu nimekizima miezi mitatu, chumvi imepungua kidogo, chai bado. Kama kuna mtu yuko bara, mbali na bahari, na kisima chake kimeshapimwa, nina pampu ya farasi 2 inauzwa. Imetumika miezi saba, kutu kidogo.